Wiki ya Juni kwenye viota vya luni, jimbo la New Hampshire, Marekani

Jumapili jioni, Holderness

Luni ni ndege wa majini wa Amerika Kaskazini. Wataalamu humwita Gavia immer. Anayemjua kibisi wa mabwawa yetu na amfikirie kibisi huyo akiwa na ukubwa wa bata bukini: kilo 4 hadi 6, mdomo mrefu uliochongoka, macho mekundu, mgongo mweusi wenye madirisha meupe. Miguu yake imekaa nyuma kabisa, karibu na mkia. Majini hiyo ni neema. Nchi kavu ni mashaka matupu, maana hatembei ila hujisukuma kwa kifua. Ndiyo sababu kiota chake hukaa ukingoni, aghalabu pungufu ya mita moja kutoka majini, na karibu kila balaa la mwezi Juni linatokana na ukingo huo: mawimbi ya boti, maji kupanda, maji kushuka, rakuni, mnyama mwitu mdogo mla mayai, anayepita ufukweni usiku.

Ufuatiliaji wa viota katika jimbo hili unaongozwa na Loon Preservation Committee, yaani kamati ya kuhifadhi luni, iliyoundwa mwaka 1975, makao yake Moultonborough. Hesabu inayotawala kazi yote ni 0.48. Hicho ndicho kiasi cha makinda ambacho kila jozi yenye eneo lake inapaswa kukuza kwa mwaka, kwa wastani, ili idadi ya ndege isishuke. Ni kama kinda mmoja kila baada ya miaka miwili. Kiasi hicho kinatosha kwa kuwa luni mzima huishi miaka 20, hata 30. Lakini hataanza kuzaa mpaka afikishe kama miaka sita, na miaka ya mwanzo huimalizia baharini. Kwa hiyo yai likiliwa, jozi inaweza kutaga tena baada ya wiki mbili hivi. Mzazi akifa, pengo lake linachukua miaka. Anayeanza kazi hii huangalia mayai tu. Mwenye uzoefu huangalia wazazi kwanza.

Mizigo ya wiki: darubini za mkono na darubini ndefu ya miguu mitatu, mtumbwi wa watu wawili, boti ndogo ya injini kwa maziwa makubwa, mabango yanayoelea ya kuzuia boti zisikaribie viota, kamba, matofali ya sementi yenye matundu kwa ajili ya nanga, koleo la kukatia waya, taulo nene, miwani ya kukinga macho, na fomu za karatasi. Simu hulowa, penseli haina neno.

Jumatatu, ziwa Squam

Tunaingia majini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Maji ni shwari na boti za starehe bado zimefungwa. Ikifika saa tatu upepo umeshaamka, na kila wimbi linafanana na mgongo wa ndege.

Utaratibu ni mmoja kwa kila eneo. Simama mita 200 au zaidi kabla ya mahali unapokishuku kiota, zima injini, kagua maji yote kwa darubini dakika kumi bila kusogea. Luni mmoja peke yake akivua katikati ya ziwa ni habari njema: mwenzake huenda ameatamia, kwa sababu dume na jike hupokezana. Wawili wakiwa pamoja kwa muda mrefu katikati ya Juni, shaka inaanza. Ama hawajataga, ama kiota kimeharibika. Wanapopishana zamu nao huonekana pamoja, lakini kwa dakika chache tu.

Kisha kagua kingo. Anza na visiwa vidogo, upande uliokingwa na upepo, halafu vichaka vya majani vilivyoinamia maji, halafu matope yenye nyasi. Kiota ni lundo la majani yaliyooza lenye upana wa kama sentimita 60, na ndege akiatamia huonekana kama gogo lenye madoa. Mara nyingi jicho hulipita mara mbili kabla ya kulikamata.

Umbali sahihi anauonyesha ndege mwenyewe kwa shingo yake. Shingo ikiwa wima na kichwa kikigeuka polepole, ametulia. Kichwa kikishuka kidogo na shingo kusogezwa mbele, amekuona na anapima. Shingo ikilala bapa juu ya ukingo wa kiota, mdomo karibu uguse maji, umeshavuka mpaka. Hapo rudi kinyumenyume kwa kafi, usigeuze mtumbwi ubavu, usinyanyue kamera. Ukikaidi, atateleza majini na kuacha mayai wazi kwa kunguru, shakwe na tai. Watu wengi humwona amelala hivyo wakadhani ni mgonjwa, wakasogea kumwokoa. Hakuna huruma inayoharibu viota kama hiyo.

Mayai hayafuatwi. Luni hunyanyuka kila baada ya muda kuyageuza, na subira ya nusu saa kwenye darubini ndefu inatosha kuhesabu moja au mawili, ya rangi ya zeituni iliyokolea yenye madoa meusi, urefu karibu sentimita 9.

Andika siku ya mwisho ulipokiona kiota kitupu na siku ya kwanza ulipomwona ndege juu yake. Kuatamia huchukua siku 26 hadi 31, kwa kawaida 28. Tarehe hizo mbili zikiachana wiki tatu, hutaweza kusema makinda watatoka lini, na mabango yataondolewa mapema mno au yatabaki bila sababu. Ndiyo maana kila eneo hutembelewa angalau mara moja kwa wiki.

Jumanne, Squam tena

Asubuhi ni ya kusoma pete. Ndege kadhaa wa hapa wana pete za plastiki za rangi miguuni pamoja na moja ya chuma, zilizovishwa usiku, wakati makinda wangali wadogo na wazazi hawawaachi. Miguu iko chini ya maji, basi unasubiri ndege ajipambe manyoya: hulala ubavu, hunyoosha mguu mmoja hewani na kuutikisa. Una sekunde tatu au nne. Soma kutoka juu kwenda chini, mguu wa kushoto kwanza. Kosa la kila msimu ni kuandika kushoto kwa mtazamaji badala ya kushoto kwa ndege, hasa ndege akiwa amekuelekezea tumbo. Rangi mbili zikibadilishana miguu, ndege aliye hai huingia kwenye daftari kama mgeni, na mwenye eneo huhesabiwa kuwa amepotea.

Squam ina sababu ya kuhesabiwa kwa makini. Kati ya 2004 na 2005 ziwa hili lilipoteza karibu asilimia 44 ya luni wake wazima. Mayai yaliyoshindwa kuanguliwa yalipopimwa yalikutwa na mchanganyiko wa kemikali za zamani, zikiwemo PCB za viwandani na DDT ya kuulia wadudu, ambazo zimepigwa marufuku Marekani tangu miaka ya 1970. Maji ya Squam ni angavu na watu wengi huyasifu. Sumu yenyewe iko kwenye tope la vijito na katika samaki.

Alasiri, kiota kilichoachwa. Mayai mawili, mazima, baridi, hayana tundu. Alama hizi zinamwondolea lawama rakuni, ambaye huacha maganda makubwa yaliyovunjwa na kiini kilichomwagika. Kilichoanguliwa salama huacha vipande vidogovidogo na utando mweupe mkavu chini kabisa ya kiota. Chambua majani kwa vidole, maana vipande hivyo hujificha. Mayai mazima yaliyo baridi mwanzoni mwa Juni huelekeza kwa usubi. Kuna aina moja, Simulium annulus, inayomfuata luni kuliko ndege wengine. Kundi lake humfunika kichwa na shingo, naye hupiga mbizi tena na tena mpaka akate tamaa na kiota. Dawa hakuna. Kinachosaidia ni kwamba usubi huo ni wa majira mafupi, na jozi nyingi hutaga upya makundi yake yakipita.

Mayai hayo huchukuliwa na mwenye kibali tu. Luni analindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na hata ganda kuliweka nyumbani ni kosa. Kabla ya kuyagusa, kaa saa nzima ukihakikisha hakuna mzazi anayerudi. Kila yai hufungwa peke yake, huandikwa ziwa, kiota na tarehe, huwekwa kwenye baridi, halitikiswi. Lililooza hupasuka kwa kishindo. Miwani ya macho ina kazi hapo pia.

Jumatano, Winnipesaukee

Ziwa kubwa kuliko yote ya jimbo, kilomita za mraba takriban 180, na boti ni nyingi mno. Siku nzima ni mabango.

Sheria ya jimbo inataka boti iende polepole, bila kutimua mawimbi, ikiwa ndani ya futi 150 kutoka ufukweni, kwa watu wanaoogelea au kwa chombo kingine. Hizo ni mita 45 hivi, na ndiyo kanuni ya kawaida ya kukaa mbali na luni aliye majini. Kwa kiota, umbali huo ni wa chini kabisa. Bango la kwanza linawekwa mita 45 mbele ya kiota, halafu tunarudi nyuma na kutazama shingo. Akilala bapa boti inapopita nje ya bango, bango linasogezwa mbele zaidi, hata iwe mita 100. Mabango mawili au matatu yakiunganishwa kwa kamba yenye maboya madogo hufunga ghuba nzima.

Kazi hii hufanywa na watu wawili, asubuhi au jioni, dakika kumi hadi kumi na tano, bila mjadala majini. Kila kitu kimefungwa tayari kabla ya kukaribia. Urefu wa kamba ya nanga ni kina cha maji pamoja na nyongeza ndogo. Ukiiacha ndefu, inaelea na kunaswa kwenye panka ya injini, na mwenye boti ataikata. Ukiifupisha mno, mvua ikipandisha ziwa bango linanyanyua nanga na kuondoka nalo. Tofali moja linatosha kwenye ghuba tulivu. Penye upepo weka mawili.

Si kila kiota kinastahili bango. Kilicho nyuma ya kisiwa, pasipopita mtu, kikiwekewa bango kinatangazwa. Wapiga picha husoma neno "kiota" kama mwaliko. Jicho la mwenyeji wa nyumba ya jirani, aliyeelezwa vizuri, linalinda kuliko plastiki. Mabango yatumike penye njia ya boti, karibu na gati, na pale mitumbwi ya kukodi inapopita.

Alhamisi

Joto kali. Hatuendi karibu na kiota chochote kuanzia saa nne asubuhi. Luni ameumbwa kwa baridi: mweusi juu, manyoya mazito, hana kivuli. Juani huhema mdomo wazi, kisha hushuka majini kujipoza, na kila dakika anayokaa nje mayai yanapigwa na jua. Kumfukuza kiotani siku kama hii ni sawa na kuyapika. Tunasafisha vifaa.

Ijumaa, ziwa dogo lenye bwawa la umeme

Hapa adui ni lango la maji. Maji yakipanda zaidi ya sentimita 15 wakati wa kuatamia, mayai yanaelea. Yakishuka zaidi ya sentimita 30, ndege anabaki na uwanda wa matope asioweza kuupanda, na kiota kinaachwa. Tiba bora ni makubaliano na mwendesha bwawa ayashike maji kiwango kimoja kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, na baadhi ya mabwawa makubwa yana sharti hilo kwenye leseni. Pasipowezekana, ndipo huja chelezo.

Chelezo, yaani kiota bandia kinachoelea, ni fremu ya mraba, mita 1.5 hadi 1.8 kila upande, ya magogo ya mwerezi mkavu yenye unene wa sentimita 15 au zaidi. Mwerezi huelea na hauozi upesi. Chini hukazwa wavu wa waya uliofunikwa plastiki, juu yake udongo wa kinamasi, kuvumwani na nyasi zenye mizizi, mpaka ionekane kama kisiwa. Sakafu iwe juu ya maji kwa sentimita chache tu. Ikiwa juu zaidi, luni hapandi. Ikiwa chini, mayai yanalowa. Pande mbili huwekewa vibao vya mteremko vya kupandia, na baadaye kushukia makinda. Juu hupinda mabomba ya plastiki yaliyofunikwa wavu wa rangi ya majani, kumzuia tai na kuleta kivuli. Nanga ziwe pembe mbili zinazotazamana, matofali mawili kila moja, na kamba zenye ulegevu unaolingana na kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa hilo, la sivyo chelezo huinama upande mmoja maji yakipanda.

Hiki cha leo kimeinama kwa sababu nyingine: gogo moja limenywa maji. Ndege yuko juu yake, basi hatukigusi. Vipande vya povu la plastiki vya kufunga chini ya gogo vitangoja makinda waondoke. Lilipaswa kukaguliwa Aprili, maana chelezo huwekwa mara barafu inapoyeyuka, kabla jozi haijachagua mahali. Kinachopelekwa Juni hubaki pambo.

Watu wa kandokando ya maziwa hupenda kuomba chelezo ili wamwone luni kutoka barazani. Jibu ni hapana. Huwekwa pale tu jozi iliposhindwa miaka mitatu mfululizo kwa maji au kwa wanyama wala mayai. Jozi inayofaulu ukingoni ikivutwa hadi katikati ya ghuba huhamishiwa kwenye mawimbi na macho ya watu.

Jumamosi, ziwa Umbagog

Mpakani na jimbo la Maine. Maji ya kina kifupi, vinamasi, visiwa vya kuvumwani vinavyoelea; kiwango chake kinaamuliwa na lango la Errol, kwenye mto Androscoggin. Hapa boti si nyingi, lakini tai wenye vichwa vyeupe wako. Kurudi kwao ni jambo jema, nao pia wanalindwa, ila huchukua mayai na makinda. Huyapata kwa urahisi zaidi mayai ya kiota ambacho mwanadamu amekwisha kumtoa mzazi. Luni aliyekaa juu ya mayai si windo jepesi.

Tumesikia mlio wa dume, ule wa kupanda na kushuka unaorudiwa, kichwa kikiwa chini karibu na maji. Jike hana mlio huo. Ukisikika mchana katikati ya Juni, tafuta mgeni: luni wa tatu anayetaka eneo. Mapigano ya madume huua, na mgeni akishinda, mayai au makinda ya mwenyeji huwa yamekwisha. Hakuna cha kufanya ila kuandika saa na kuondoka. Ule wa kutetemeka kama kicheko ni wa hofu, na mara nyingi unakuhusu wewe.

Jumapili, kurudi kusini

Simu ya mkazi: luni mzima yuko ufukweni, mabawa yameshuka, anatetemeka. Luni mwenye afya hatoki majini mchana ila kwa kiota. Unamkaribia kutoka upande wa maji ili asirudi, miwani machoni, taulo kichwani kwanza, kisha unayabana mabawa. Mdomo wake hulenga macho ya anayemshika. Huwekwa kwenye beseni pana lenye taulo chini, kwa sababu mfupa wa kifua huumia juu ya sakafu ngumu, gizani, bila chakula wala maji, hadi kwa daktari wa wanyamapori, ambaye kwanza humpiga eksirei.

Kinachotafutwa ni risasi, si ya bunduki bali madini ya risasi yaliyomo kwenye vifaa vya kuvulia. Luni humeza vijiwe ili firigisi yake isage mifupa ya samaki, na chubwi la risasi lililoanguka chini ya ziwa ni kijiwe kama vingine. Zaidi ya hapo humeza samaki aliyekata mshipi akiwa na ndoano yenye kichwa cha risasi mdomoni. Tindikali na kusagwa hufanya iliyobaki: ndege hufa ndani ya wiki mbili hadi nne, na kipande kimoja tu kinatosha. Hiki ndicho chanzo kikuu cha vifo vilivyothibitishwa vya luni wazima katika New Hampshire. Tangu tarehe 1 Juni 2016 jimbo limepiga marufuku kuuza na kutumia kwenye maji baridi machubwi na ndoano za risasi zenye uzito wa wakia moja, gramu 28, au pungufu. Tatizo lililobaki ni masanduku ya zamani ya babu, yenye vifaa vya miaka thelathini. Waswahili wenzetu wa Manchester na Concord, miji ya jimbo hili, wanaovua wikendi na wapime hivi: chubwi likikwaruzwa kwa ukucha au likiacha alama ya kijivu kwenye karatasi, ni risasi. Bati, chuma na tungsteni zipo madukani, na baadhi ya maduka hupokea risasi ya zamani kwa kukupa hati ya punguzo.

Akifa, mzoga hutiwa kwenye mfuko, huandikwa mahali na tarehe, hupelekwa kupasuliwa. Mzoga uliozikwa kwa heshima ufukweni haumfundishi mtu chochote.

Jumamosi ya tatu ya Julai

Sensa ya jimbo zima, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, wote kwa wakati mmoja ili ndege anayeruka ziwa hadi ziwa asihesabiwe mara mbili. Ziwa lisilo na luni nalo huandikwa, kwa sifuri. Fomu isiyorudishwa haina maana yoyote.

Makinda wa Juni sasa hawapandi tena mgongoni kwa wazazi wao. Huogelea ghuba zenye kina kidogo, na boti ndiyo hatari yao kubwa, kwa kuwa huzama sentimita chache na kuibuka palepale. Mabango ya viota vilivyokwisha yametolewa siku makinda walipohama. Bango linalolinda kiota kitupu huwafundisha watu kulipita.

Septemba mwishoni

Vyelezo vinavutwa hadi ufukweni na kufungwa kwenye mti, juu ya alama ya maji ya mafuriko. Vikibaki majini, barafu ya Januari huvunja fremu. Udongo unamwagwa, magogo yanapinduliwa yakauke, wavu unakaguliwa kama una ncha zilizochomoza, na gogo lililonywa maji linawekewa alama ya rangi ili libadilishwe kabla ya Aprili. Matofali hubaki chini ya ziwa, kamba zake zikifungwa kwenye chupa tupu iliyozamishwa mita moja chini ya uso wa maji, mahali barafu isipofika.